Hesabu ya mikate ya mama wa prairi

Jumapili, jioni

Jioni hii nimerudi tena kwenye hesabu ya mikate. Ukitaka kumwelewa mama wa shamba wa Saskatchewan, mkoa wa prairi, yaani tambarare za ngano za magharibi mwa Kanada, yule aliyezaliwa miaka ya 1920 akafika tisini na ushee, usianze na tabia yake njema. Anza na gunia la unga. La kawaida lilikuwa ratili 98, yaani kama kilo 44 na nusu. Mkate mmoja mkubwa hula nusu kilo hivi, kwa hiyo gunia moja ni mikate themanini na kitu. Tuseme nyumba ya watu wanane ilioka mara mbili kwa wiki, mikate kumi kila mara. Mwenye mkono wa kutoa alikanda ya kumi na miwili. Hiyo miwili ya juu ilikuwa bado haina mwenyewe: labda jirani aliyejifungua, labda kapera wa shamba la pili asiyejua kukanda, labda msafiri ambaye dhoruba ya theluji ingemleta mlangoni. Unga wao ulipimwa usiku, kabla mhitaji hajajulikana.

Na usiku huo ulikuwa na kazi yake. Hamira ilikuwa kavu, ya vipande. Aliiloweka kwenye maji vuguvugu yaliyochemshiwa viazi, akatia kijiko cha sukari, kisha unga hadi ukawa mzito kama uji wa mgonjwa. Tone moja kwenye kifundo cha mkono lilimwambia kama maji ni ya moto mno, maana maji ya moto huua hamira. Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri, na moto wa jiko hufifia kabla ya alfajiri. Basi bakuli lilivikwa blanketi na kuwekwa kwenye kiti kando ya jiko. Likisogea karibu mno, upande mmoja unaiva na mwingine umelala. Likikaa mbali, asubuhi uji umetulia tuli bila povu, na siku hiyo watu watakula viazi. Tanuri halikuwa na kipimajoto. Aliingiza mkono ndani akahesabu mpaka asiweze kuvumilia tena, na kila jiko lilikuwa na idadi yake, ambayo mgeni hawezi kuijua.

Kipimo kikubwa kilikuja wakati wa kupura ngano. Kabla ya mashine za kisasa zinazovuna na kupura kwa pamoja, mashine moja ya kupura ilizunguka shamba kwa shamba na kundi la wanaume kama ishirini. Mama mwenye shamba ndiye aliyewalisha: kifungua kinywa kabla ya jua, chai na mkate vikipelekwa kondeni katikati ya asubuhi, chakula cha mchana, chai ya alasiri, kisha cha usiku. Milo mitano, jiko la kuni likiwaka tangu alfajiri ndani ya joto la mwisho wa kiangazi. Majirani walikuja kusaidia kumenya viazi, naye akaenda kwao zamu yao ilipofika. Mvua ndiyo iliyoharibu kila kitu. Ngano iliyolowa haipuriki, lakini wanaume ishirini hawaondoki. Wanakaa siku tatu wakingoja ikauke, wanakula, na hakuna hata busheli moja (kipimo cha nafaka) inayoingia. Ndiyo maana aliyepanga kwa siku nne alipika kwa saba.

Gunia likiisha halikutupwa. Maandishi ya kiwandani yalipakwa mafuta ya nguruwe na kuachwa usiku kucha, kisha kitambaa kikachemshwa kwa sabuni. Magunia manne yalitoa shuka moja.

Sisi husema akiba haiozi. Ya kwenye chupa za kioo huweza kuharibika, tena pengine bila kunuka wala kubadilika rangi, na hapa nataka nieleze kwa makini, kwa sababu wapo wanaoiga njia za bibi zao hadi leo. Matunda yenye uchachu huhifadhika kwa kuchemshwa kwenye maji. Nyama, kuku na maharage hapana. Vijidudu vya botulizimu huvumilia maji yanayochemka, na ndani ya chupa isiyo na hewa hutengeneza sumu inayoua. Wamama wa zamani walichemsha chupa za nyama saa tatu na zaidi. Wengi walisalimika, lakini joto halikutosha. Inahitajika sufuria ya presha ifike nyuzi 116, dakika 90 kwa chupa ya karibu lita moja. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya prairi iko juu ya mita 300, uzito wa presha wa ratili 10 hautoshi, lazima 15. Acha nafasi ya sentimita mbili na nusu juu ya nyama, ufute mdomo wa chupa vizuri: tone la mafuta chini ya kifuniko linatosha kuzuia kisishike.

Miaka ya 1930, yeye akiwa bado mtoto, ilimjaribu mama yake kuliko yote. Ukame ulikausha udongo, upepo ukaubeba, na mashuka yaliyoloweshwa yakatundikwa madirishani ili vumbi lisiingie kwenye chakula. Mwaka 1932 busheli ya ngano ilishuka chini ya senti 40. Mikoa ya mashariki ilituma mabehewa ya tufaha na samaki wakavu wa chumvi. Wengi wa prairi hawakujua samaki yule hulowekwa usiku kucha na kubadilishiwa maji, kama tunavyofanya kwa ng'onda, wakashindwa kumla. Fedha iliyobaki nyumbani ilikuwa ya malai na mayai, na hiyo mara nyingi ilikuwa mkononi mwa mama huyo. Ndiyo iliyonunua viatu vya watoto, na ndiyo iliyomkopesha jirani.

Sheria haikuiona kazi hii. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Kanada ilimnyima Irene Murdoch, mke wa mfugaji wa Alberta, sehemu yoyote ya ranchi. Alikuwa amekata nyasi, ameendesha trekta, amechanja ng'ombe na kuwatia alama, miaka na miaka. Majaji wengi walikubali kwamba hiyo ni kazi ya kawaida ya mke wa mfugaji. Jaji Bora Laskin peke yake alipinga. Hasira ya wanawake ilisukuma mikoa kubadilisha sheria za mali ya ndoa, Alberta yenyewe mwaka 1978. Bado najiuliza ni wangapi waliozikwa kabla ya hapo bila hata ekari moja kwa jina lao.

Mazishi ya yule mama wa Saskatchewan hufanyika kanisani, na baadaye watu hushuka chini kula. Wanawake waliobaki jikoni hawaulizani. Watu mia, vipande viwili vya sandwichi kila mmoja, mikate kumi na miwili, mayai yamechemshwa tangu jana. Mabakuli yana utepe chini, umeandikwa jina la mwenye bakuli ili lirudi kwake. Vyombo vikishaoshwa, moja linabaki kabatini, na wino kwenye utepe ni wa mkono wake.