Tano Ziliingia, Tano Zimetoka

Mama alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi nilipomkabidhi ile karatasi. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwaka 2019, uani kwetu Ngamiani, Tanga. Alifuta mikono kwenye kanga, akasogeza miwani, akaisoma hadi chini, kisha akaanza upya.

“Kitunguu maji hapana. Kitunguu saumu hapana. Mbaazi, kunde, chapati, hapana. Sasa mwanangu, katika nyumba hii utakula nini?”

Sikuwa na jibu. Kwetu siku huanza kwa mahamri na mbaazi za nazi, na sijawahi kuona mchuzi wa mama usioanza na kitunguu.

Tumbo lilikuwa limenitesa miaka minne. Lilijaa, likanguruma, likaninyonga mpaka nashika ukuta. Wiki hii naharisha, wiki ijayo sipati choo kabisa. Zahanati moja ilinipa dawa za amiba mara tatu bila hata kupima choo, na mara zote tatu nilimaliza dozi nikiamini nitapona. Jambo hilo linaniuma mpaka leo. Ni daktari mwingine aliyepima choo na damu, akasikiliza, akaniambia utumbo wangu hauna kidonda wala mdudu, ila unahisi kupita kiasi, na maumivu yangu ni ya kweli. Nililia pale pale kwenye kiti. Katika miaka yote minne hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba ni ya kweli.

Alinipeleka kwa afisa lishe, naye ndiye aliyeniandikia ile karatasi. Mlo wenyewe ulitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, kule Melbourne, Australia, na unapunguza vyakula vyenye kile wanachokiita FODMAP. Hizo ni aina za sukari na wanga ambazo utumbo mwembamba hauzifyonzi vizuri. Zinavuta maji, halafu zikifika kwenye utumbo mpana bakteria wanazichachusha na kutoa gesi. Mwenye utumbo wa kawaida hata hajui kama kuna kitu kimepita. Mimi nilikuwa nalala chini.

Karatasi inaweza kusema “ondoa kitunguu” kana kwamba ni kuondoa kijiko mezani. Lakini mkono wa mama umo ndani ya kitunguu. Nilimwona alivyoinamia ile nazi, nikajua ameumia.

Akaniuliza ghafla, “Kibaya ni kitunguu chenyewe, au hata harufu yake?”

Hapo nikakumbuka. Afisa lishe alisema kile kinachoniumiza kwenye kitunguu saumu huyeyuka katika maji, katika mafuta hakiyeyuki. Ukikikaanga kwenye mafuta matupu kisha ukakitoa chote, harufu inabaki na madhara yanaondoka nacho. Ila mafuta hayo yatumike siku ile ile, yasiwekwe akiba. Sijamaliza kueleza, mama keshasimama.

Alimenya punje tano, akazipasua katikati. Akabandika sufuria ndogo juu ya jiko la mkaa, akapunguza moto, akamimina mafuta. Punje zikaanza kutoa vipovu vidogo pembeni, zikageuka rangi ya asali, na harufu ikaenea ua mzima. Mama akazitoa kwa kijiko, kipande kimoja kimoja, akivioanisha nusu kwa nusu kwenye kisahani.

“Tano ziliingia, tano zimetoka,” akasema.

Kisha akaendelea kama siku zote: binzari, tangawizi ya kutwanga, nyanya moja, vipande vya kolekole alivyonunua soko la samaki la Deep Sea alfajiri. Majani mabichi ya kitunguu yaliruhusiwa, akayakatia humo. Tui zito akalipima kwa kijiko, maana nazi nayo ilikuwa na kipimo chake. Mwisho ndimu.

Hakupika sufuria mbili. Tulikula wote sinia moja, wali na mchuzi ule. Kaka alisema mchuzi ni mwepesi. Mama akamjibu, “Kula, mwanangu. Leo nyumba nzima tunakula hivi.”

Asubuhi mahamri yaliondoka, vitumbua vya mchele vikachukua nafasi. Wiki ya tatu nilishtuka kugundua kwamba nimelala usiku kucha.

Mlo ule si wa maisha, na hilo nalisisitiza, kwa sababu vyakula vinavyokatazwa ndivyo pia vinavyolisha bakteria wazuri wa tumboni. Baada ya wiki sita nilianza kurudisha kimoja kimoja, kwa kiasi kidogo. Kitunguu saumu kilinishinda siku ya kwanza tu. Zikafuata mbaazi, na hizo mama alizishughulikia mwenyewe: akaziloweka usiku kucha, akamwaga maji, akazichemsha, akamwaga tena. Bibi alikuwa akifanya hivyo tangu zamani, akisema maji yale ndiyo yanayojaza tumbo. Afisa lishe nilipomsimulia alitikisa kichwa kukubali, maana sehemu ya kile kinachonisumbua hubaki kwenye maji hayo.

Mama akanipakulia robo kikombe, akakaa mkekani akinitazama nikila. Hatukuzungumza. Alasiri akaniuliza kwa macho, nikamwambia limetulia. Akafunua sufuria, akachota kijiko kimoja zaidi, akakileta hadi karibu na bakuli langu, akasita, akakirudisha.

“Kesho,” akasema.