Ukiona harufu imekata, toka

Shemeji yangu anapiga kazi kwenye mabwawa ya majitaka huku Moshi, juzi karudi macho mekundu kama kamenya gunia zima la vitunguu, namuuliza vipi shem, ananiambia ni gesi tu nishaizoea. Umeizoea!! Hiyo ni haidrojeni salfaidi, ile ya kunuka mayai viza, na ubaya wake ikifika kama sehemu 100 kwa milioni ya hewa pua inakufa ganzi, unadhani imeisha kumbe ndo imekolea, halafu nzito kuliko hewa inatuama chini ya chemba. Mwenzako akidondoka humo usimrukie, mtabaki wote. Kipima gesi hajawahi kukishika. Glavu zake kidole gumba kimetoboka, kaziba na selotepu.