Fremu na mkanda kwenye trekta la Baba

Jumamosi iliyopita, jua likikaribia kuzama, tulikaza bolti ya mwisho ya fremu ya kinga, zile nguzo za chuma zinazomlinda dereva trekta likipinduka, kwenye trekta la marehemu Baba. Ni Massey Ferguson 135, na kwa sisi wa huku Karatu halihitaji utambulisho. Ukipita Rhotia au Mbulumbulu msimu wa kulima utakutana na ndugu zake, mengine yana umri wa babu na bado yanavuta plau. Modeli hii ilianza kutengenezwa mwaka 1964, na mengi yake yalitoka kiwanda cha Banner Lane, Coventry, Uingereza. Injini yake ya dizeli ni Perkins ya silinda tatu. Ukiitunza, haikuachi njiani.

Tatizo lake moja ni kiti. Kiko wazi kabisa. Juu ya dereva ni mbingu, na nyuma ya mgongo wake hakuna kitu.

Naandika haya kwa sababu ya Baba Mdogo. Mwaka 2009 alikuwa anang'oa kisiki cha mkaratusi pembeni mwa shamba. Plau ilikuwa imeshafunguliwa, na droba, kile chuma cha chini cha kuvutia, ilikuwa imebaki nyumbani. Basi mnyororo ukafungwa juu, pale inapokaa toplinki, kile chuma cha juu cha kushikia plau. Akaingiza gia ya kwanza, akaachia klachi. Kisiki hakikutikisika. Matairi ya nyuma nayo hayakuteleza, kwa kuwa udongo ulikuwa mkavu na yameng'ang'ania. Pua ya trekta ikanyanyuka, likasimama wima, likaanguka kwa mgongo na yeye akiwa kati ya stelingi na ardhi. Nilikuwa hatua kama arobaini kutoka pale, nimebeba dumu la maji. Sikuwahi hata kumwita.

Msibani watu walisema angeruka. Nimelisikia neno hilo mara nyingi na kila mara linaniuma, maana linamlaumu marehemu kwa jambo lisilowezekana. Injini inalazimisha ekseli izunguke. Matairi yakikataa, bodi ndiyo inayonyanyuka na kuizunguka ekseli. Mnyororo ukifungwa juu ya ekseli, mvuto wenyewe unasaidia kuipandisha pua. Tangu pua inyanyuke mpaka trekta lifike pale ambapo hata ukikanyaga klachi halirudi tena, ni chini ya sekunde moja. Mguu wa mtu unakuwa bado haujapata habari.

Baba hakuliuza. Majirani walilisimamisha kwa kamba na nguvu ya watu, na namshukuru sana yule mzee fundi aliyekataa lisiwashwe siku ile. Trekta likilala kichwa chini, oili ya injini hupanda juu ya pistoni, na ukilazimisha starta unaweza kupinda koniroda, ule mkono wa chuma unaosukumwa na pistoni. Alifungua nozeli zote tatu, zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda, akaizungusha injini taratibu kwa mkono, na oili nyeusi ikaruka kupitia matundu ya nozeli kama mate. Stelingi ilibaki na pindo upande wa kushoto. Mpaka leo ipo hivyohivyo. Nikishika usukani, kiganja changu kinakaa palepale kwenye pindo.

Baadaye Baba aliweka kivuli: bomba nne nyembamba na bati moja juu. Kwa jua ni kizuri, lakini watu wakaanza kukiita kinga, na hapo ndipo hatari ilipo. Bati lile lingebanjuka kama karatasi. Ukiona trekta lina paa, usidhani dereva wake yuko salama. Angalia nguzo zimesimama kwenye nini, na zimefungwa kwa nini.

Wenzetu waliliona jambo hili zamani. Uswidi ilikuwa ya kwanza duniani kulazimisha kinga kwenye matrekta mapya, mwaka 1959. Uingereza ikafuata, ikataka kila trekta jipya linalouzwa kuanzia Septemba 1970 liwe na kebini au fremu. La kwetu lilitoka kiwandani kabla ya hapo.

Baba alipofariki trekta likaja kwangu, na jambo la kwanza nililoulizia lilikuwa fremu. Fundi mchomeleaji mmoja hapa mjini alinisikiliza nusu tu. "Dada, hiyo Ijumaa unakuja kuichukua," akasema, huku akinionyesha bomba la maji la inchi mbili. Alitaka kulichomelea moja kwa moja kwenye nyumba ya ekseli. Nilimkatalia, naye akaona namdharau. Sikumdharau. Mageti yake ni mazuri, nimenunua kwake mawili. Ila nyumba ya ekseli ni chuma kilichomiminwa kwenye kalibu. Ukikichomelea kinaweza kupasuka ndani usione, na siku ya siku nguzo zikatoka na kipande cha ekseli. Halafu fremu ya kweli haitakiwi kuwa ngumu tu. Inatakiwa ipinde kidogo, ile nguvu ya kuanguka iishie kwenye chuma, bila kukatika wala kumfikia aliyekaa. Huwezi kulijua hilo kwa kuangalia bomba. Fremu za viwandani hugongwa na kukandamizwa kwenye majaribio kabla modeli yake haijaruhusiwa, na kila moja hupimwa kwa trekta la uzito fulani.

Nilizunguka karibu mwaka mzima. Mwishowe, kwenye yadi moja ya spea za mtumba Arusha, nikaikuta fremu ya nguzo mbili iliyotoka Uingereza, ya modeli hii hii. Kibati chake bado kilikuwa kimebandikwa na namba zinasomeka. Niliikwangua rangi kwa brashi ya waya pale penye viungo, nikapitisha kucha kila mshono nikitafuta ufa. Nikatazama kama kuna mtu ameitoboa tundu la ziada la kufungia taa au redio, na kama nguzo zimenyooka. Fremu iliyowahi kupinduka na trekta haitumiki tena, hata ikinyooshwa ikapakwa rangi ikang'aa, kwa sababu imeshautumia uwezo wake. Hii ilikuwa safi. Niliuza mtamba kuilipia.

Kuifunga kulichukua siku mbili, na ya kwanza yote iliishia kwenye kusafisha. Tulitoa madigadi, tukakwangua ekseli grisi na udongo mwekundu wa miaka hamsini uliogandana kama tofali, mpaka chuma kitupu kikaonekana. Sahani za chini za fremu lazima zikae chuma kwa chuma. Pakiwa na rangi nene au uchafu katikati, bolti inakazwa leo, kesho uchafu umesagika na bolti imelegea.

Kuhusu bolti nitasema kwa kirefu, maana hapo ndipo watu wanapobana senti. Mdogo wangu alitumwa dukani akarudi na bolti zinazometameta, saizi yenyewe, bei nzuri. Nikazigeuza vichwa: vitupu, hakuna alama yoyote. Hizo ni za kufungia mabati. Za fremu yetu zilitakiwa ziwe na mistari sita kichwani, inayotoka katikati kama miale ya jua. Mistari mitatu ni ya daraja la chini yake. Zenye vipimo vya milimita huandikwa namba, kama 8.8 au 10.9. Usipoona alama, rudisha. Tukazipata za mistari sita, tukaziweka na washa zake ngumu, tukakaza kwa spana ya kupima mkazo niliyoazima kwa fundi wa malori. Baada ya saa kumi za kazi nilirudia zote. Mbili zilikubali robo mzunguko.

Kisha mkanda. Kile kiti cha zamani cha bati hakikuwa na pa kuufungia, hivyo tuliweka kiti kingine chenye nguzo za mkanda zilizoshikwa kwenye bodi ya trekta. Fremu bila mkanda ni nusu ya kazi: trekta likilala ubavu, wewe unarushwa nje, na fremu ileile iliyokuja kukuokoa inaweza kukuangukia. Na kinyume chake ni kweli vilevile. Trekta lisilo na fremu usijifunge mkanda kabisa, utakuwa umejifunga kwenye mzigo utakaokulalia.

Mlango wa banda ulikuwa mfupi kwa fremu. Nimebomoa ukuta kozi tatu juu ya mlango, na pale shambani nimekata matawi ya chini ya miparachichi, maana fremu ikinasa kwenye tawi nene wakati trekta linasukuma, pua inaweza kunyanyuka.

Sasa, fremu haikunifanya nipumzike kwa mambo mengine. Imenifanya nione aibu kwa yale niliyokuwa nayaachia. Kwa mfano breki. Trekta hili lina pedali mbili, ya tairi la kushoto na la kulia, ili ukiwa shambani ugeukie tairi moja. Kipo kibati kidogo cha kuziunganisha unapoingia barabarani. Cha kwetu kilikuwa kimepotea tangu enzi za Baba. Fikiria unateremka mlima wa Rhotia na tela la mahindi, ukakanyaga pedali moja tu kwa haraka: tairi moja linashika, jingine linakimbia, trekta linajigeuza ubavu. Kibati kimerudi, na breki zimesetiwa zishike sawasawa pande zote.

Nimepanua matairi ya nyuma pia, kwa kugeuza rimu na diski zake, ili trekta likanyage mapana zaidi kwenye miteremko yetu. Swichi ya kwenye liva ya gia, ile inayozuia trekta lisiwake likiwa ndani ya gia, ilikuwa imeunganishwa waya kwa waya na dereva wa zamani. Nimeirudisha. Kuwasha kwa bisibisi ukiwa umesimama chini mbele ya tairi la nyuma sikuruhusu tena kwangu, hata betri ikisumbua.

Injini yenyewe haidai makuu. Chujio la hewa ni lile la bakuli la oili, na kwa vumbi la huku lazima ulifungue kila asubuhi msimu wa kulima. Ukikuta tope zito chini, mwaga, osha kwa dizeli, weka oili safi mpaka kwenye alama, usipitishe. Rejeta naipuliza kutoka upande wa feni kwenda mbele, kwa sababu makapi ya ngano hujaa upande wa mbele. Nipeli za mbele zinapigwa grisi kila siku mpaka ya zamani itoke. Dizeli ikiisha shambani, hewa inaingia kwenye mfumo: unalegeza skrubu za kutolea hewa kwenye filta na kwenye pampu, unapampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe, ndipo unalegeza nati za mabomba ya nozeli na kusukuma starta. Asubuhi za Julai huku juu baridi ni kali, na kile kipasha moto cha kwenye manifoldi ni lazima kifanye kazi, la sivyo mtaua betri bure. Na droba sasa ina pini yake na mnyororo wa kuishikilia. Haitoki kwenye trekta.

Jumapili baada ya ibada Mama Mdogo alikuja. Alikuwa hajalisogelea trekta lile tangu msiba. Aliizunguka fremu, akaigonga kwa vidole, akauliza kama inaweza kubeba uzito wote. Nikamwambia imetengenezwa kwa kazi hiyo. Akasema, "Nipandishe."

Nikampa mkono. Alikaa, akaushika usukani pale penye pindo, akanyamaza kwa muda. Kisha akaniomba nimwonyeshe mkanda unavyofungwa. Nikambana, akaufungua mwenyewe, akaufunga tena mara mbili, akisikiliza ule mlio wa kufunga. Aliposhuka aliniuliza mvua zikinyesha nitampitia lini kumlimia ekari yake moja na nusu, ile ya pembeni, yenye kisiki.