Siku moja maishani mwangu: mwewe, mabawa na manyoya yanayotoboana

Saa 2 asubuhi. Nawasha kompyuta, nakuta ujumbe wa usiku wa manane kutoka kwa mhuishaji wetu, yule anayewachezesha wanyama wa katuni: "Fundi, mwewe wako akikunja bawa manyoya yanatoboana." Ameambatanisha video ya sekunde tatu. Kweli, unyoya wa nne umetokeza katikati ya wa tano kama msumari ubaoni.

Kazi yangu ni kutengeneza kiunzi, yaani mifupa na vishikio anavyovivuta mhuishaji ili mnyama wa kwenye skrini asogee. Mnyama akienda vizuri anasifiwa mhuishaji. Goti likipinda vibaya natafutwa mimi.

Saa 3. Sigusi faili kwanza. Natazama video za njiwa zilizopunguzwa kasi. Bawa ni mkono: lina bega, kiwiko, kigasha na kiganja. Manyoya marefu ya kurukia, kumi kwa ndege wengi, yameota kiganjani, na yanayofuata yamejipanga kigashani. Kiwiko kikikunjwa, kifundo cha mkono nacho hujikunja, maana mifupa miwili ya kigasha huteleza sambamba. Hilo nililimaliza wiki iliyopita, kishikio kimoja kinakunja vyote viwili.

Saa 4 mpaka saa 6 na nusu. Hapa ndipo penye kazi. Nikimpa mhuishaji kishikio kwa kila unyoya, hatanisalimia tena. Kwa hiyo vipo vitatu tu: ncha ya bawa, kifundo na kiwiko. Manyoya ya katikati yanagawana pembe iliyo kati ya vishikio hivyo, kama karata zinavyofunguka mkononi. Bawa likiwa wazi, linapendeza. Likifungwa, karata zote ziko kwenye usawa mmoja, lazima zipitane.

Njiwa hana shida hiyo. Kila unyoya una upande mwembamba mbele ya uti na upande mpana nyuma, na ule mpana hulala chini ya upande mwembamba wa jirani aliye karibu zaidi na mwili. Bawa likishuka, hewa husukuma kutoka chini na manyoya hubanana. Likipanda, huachiana kidogo. Basi nampandisha kila jirani hatua ndogo juu ya mwenzake, halafu nausokota kila unyoya kwenye uti wake digrii chache, zikiongezeka kadiri bawa linavyojifunga. Nakunja, nakunjua, nakunja tena. Hakuna kinachotoboka.

Saa 7. Nakula.

Saa 8. Sasa kunepa. Mpaka jana kila unyoya ulikuwa na mfupa mmoja, mgumu kama rula. Naupa mitatu: shina halinepi, ncha inanepa zaidi. Bawa likishuka ncha zinapinda juu, na zinachelewa fremu mbili nyuma ya shina (fremu ni picha moja ya video, tunafanya 24 kwa sekunde). Nilijaribu sita kwanza, mwewe akawa shuka lililolowa.

Kisha nataka manyoya yasifanane mno, kwa hiyo naongeza nasibu kidogo, yaani namba za kubahatisha, kwenye pembe. Nacheza video: ndege ana homa! Nasibu inabadilika kila fremu. Naupa kila unyoya namba yake isiyobadilika, homa inapoa.

Saa 10. Mwenzangu anauliza kwa nini nisiiachie kompyuta ikokotoe hewa na manyoya yote yenyewe. Kwa manyoya madogo ya kifuani, sawa. Kwa bawa sikubali. Mhuishaji akitaka ncha ikae pale, ikae pale, asianze kubembelezana na upepo wa kompyuta.

Saa 11. Natuma. Jibu linarudi kabla sijasimama: "Kukunja safi sana, fundi. Ila anapotua, yale manyoya madogo ya kidole gumba mbona hayanyanyuki?"

Nimeyasahau kabisa. Ndege akipunguza mwendo huyainua ili hewa isiachane na mgongo wa bawa, na asubuhi nzima nimemwangalia njiwa akifanya hivyo. Nafungua faili tena.