Nani Atauliza Kesho?

Nimemaliza kuisoma tena 1984, riwaya ya George Orwell juu ya dola inayowachunguza raia wake, na safari hii kilichonikaa kichwani si bango la Kaka Mkubwa, mtawala wake, wala chumba cha mateso. Ni punje ya vumbi. Winston Smith, mtumishi wa Wizara ya Ukweli, ameanza kuandika shajara kwa siri, jambo ambalo anajua litamponza. Anataka kujua kama kuna mtu atakayeigusa. Unywele juu ya kurasa anauona ni mtego wa wazi mno, basi anachukua punje ya vumbi jeupe kwa ncha ya kidole na kuiweka kwenye pembe ya jalada. Daftari likisogezwa, punje itadondoka. Mbele sana katika kitabu, akiwa tayari mikononi mwa watesi wake, ndipo anapong'amua kwamba Polisi wa Fikra walikuwa wakimchunguza kwa miaka saba, na kwamba hata ile punje walikuwa wameirudisha mahali pake.

Namuwaza huyo aliyeirudisha. Kitabu hakimtaji. Lakini lazima alikuwepo mtu mwenye vidole, aliyepanda ngazi, akafungua droo, akasoma mwandiko wa Winston ulioparazwa, kisha akainama kuitafuta ile punje na kuipachika upya. Hiyo ni kazi ya mikono. Ina mshahara, ina zamu, ina kupiga miayo.

Orwell, aliyekitoa kitabu Juni 1949 na kufariki Januari 1950, alijua kwamba kumtazama mtu kunahitaji mtu. Historia haikumuumbua. Mwaka 1989 Stasi, idara ya usalama ya Ujerumani Mashariki, ilikuwa na watumishi wa kudumu wapatao 91,000 na watoa habari wa siri zaidi ya 170,000, katika nchi ya watu kama milioni 16. Walifungua barua kwa mvuke, wakazisoma, wakazibandika tena. Bado hawakuweza kumsikiliza kila mtu kila saa.

Ndiyo maana ile skrini ya ukutani kwenye riwaya ina hila. Unaweza kuipunguza sauti lakini huwezi kuizima, nayo inakuonyesha huku inakuona. Winston hajui kama dakika hii kuna anayemtazama, kwa hiyo anaishi kana kwamba yupo. Jeremy Bentham alikuwa ameshalichora wazo hilo mwishoni mwa karne ya 18: gereza la mviringo, mnara katikati, na mfungwa asiyejua macho ya mlinzi yameelekea wapi. Shaka inafanya kazi ya walinzi mia. Na pale ambapo hata shaka ni gharama, Chama kinachotawala kinaacha tu. Makabwela, ambao ni asilimia 85 ya watu, wengi wao hawana skrini majumbani. Hawana thamani ya kutazamwa.

Sisi tumeipindua hesabu hiyo juu chini.

Simu yangu ipo mezani, kimya, na naamini hakuna mtu anayenichungulia kupitia kioo chake. Mimi si mwandishi wa habari za uchunguzi wala mpinzani wa mtawala yeyote. Programu za kijasusi zipo, kama Pegasus ya kampuni ya Israeli ya NSO Group, inayoweza kuingia kwenye simu bila mwenye simu kubonyeza chochote, ila silaha ya namna hiyo ni ghali na huelekezwa kwa watu waliochaguliwa. Hao wanaolengwa wanaishi ndani ya riwaya ya Orwell yenyewe, na nisingethubutu kujiweka kwenye kundi lao. Kwangu mimi hakuna afisa wala zamu. Kuna maandishi tu. Simu haiwezi kupata mtandao wa simu bila kuongea na mnara, na mnara huandika: simu hii, saa hii, hapa.

Malte Spitz, mwanasiasa wa chama cha Kijani cha Ujerumani, alitaka kuyaona maandishi hayo. Ilibidi aipeleke kampuni yake ya simu mahakamani ndipo akapewa ya miezi sita, kuanzia Agosti 2009 hadi Februari 2010. Ilikuwa mistari zaidi ya 35,000. Mwaka 2011 gazeti la Die Zeit likaiweka kwenye ramani, na kila aliyefungua ramani hiyo aliweza kumwona akilala, akipanda treni, akipiga simu njiani, akikaa mahali fulani hadi usiku. Kwenye mistari hiyo halikuwemo hata neno moja la aliyoyasema simuni. Halikuhitajika.

Baada ya kusoma habari zake nilifungua historia ya mahali kwenye simu yangu. Nilitarajia doa doa za safari za kazini. Nikakutana na kipindi kizima cha kumuuguza mtu wangu wa karibu: hospitali, nyumbani, hospitali, usiku wa manane nyumbani, alfajiri hospitali. Mpangilio wake ulikuwa safi kuliko nilivyoweza kuukumbuka mwenyewe, na siku ile ya mwisho ilijitokeza waziwazi kwa sababu mstari ulitoka pale ukaelekea pengine na haukurudi tena. Chini ya jina la hospitali programu ilikuwa inauliza naipa nyota ngapi.

Sikukasirika, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi kuliko swali lenyewe. Orwell asingeweza kumwandika mhusika kama mimi. Aliyeweza ni Yevgeny Zamyatin, Mrusi aliyeandika riwaya ya Sisi mnamo 1920 na 1921, ikachapishwa kwanza kwa Kiingereza mwaka 1924 huku nchini kwake ikisubiri hadi 1988. Humo watu wanaishi kwenye nyumba za vioo na kuitwa kwa namba. Mapazia hushushwa kwa kibali, kwa saa zilizopangwa. Msimulizi, D-503, haoni tatizo. Anaisifia ile mitaa inayopenyeka kwa macho, anaona fahari kwamba hana cha kumficha yeyote. Naye pia, kama Winston, anaandika shajara, na ni shajara hiyo inayoanza kumharibia utulivu wake. Orwell aliisoma riwaya hiyo na kuiandikia uhakiki mwaka 1946. Nahisi Zamyatin alituona vizuri zaidi: wapo wanaotazamwa wakitetemeka, na wapo wanaotazamwa huku wanachana nywele kwenye kioo hichohicho.

Lakini wote wawili kuna kitu hawakukiona, na kimenichukua usomaji huu wa pili kukipata. Hofu ya riwaya hizi ni hofu ya sasa hivi. Je, kuna anayesikiliza? Winston anajibanza kwenye kijipembe ambako skrini haimfikii, kwa dakika hiyo anapumua. Angekuwa na njia ya kujua saa ambazo hakuna anayetazama, angekuwa huru kwa saa hizo. Sisi tungeweza kuhakikishiwa kwamba leo hakuna binadamu hata mmoja anayetutazama na isingetusaidia kitu. Kinachotuhusu ni kesho: nani atakuja kuuliza, na atauliza swali gani, juu ya siku ambayo mwenyewe nimeshaisahau.

Angalia kazi ya Winston. Anakaa ofisini akirekebisha magazeti ya zamani. Utabiri uliokosea unasahihishwa, mtu aliyeuawa anafutwa, karatasi ya asili inatupwa kwenye tundu la ukutani linaloipeleka kwenye tanuri. Dola ya Orwell inatawala kwa kusahaulisha. Ya kwetu inaelekea upande wa pili kabisa: haichomi karatasi, inaongeza kabati.

Mtu akiniambia "mimi sina cha kuficha" namfikiria Mholanzi wa kabla ya vita. Uholanzi ilikuwa na masjala ya wakazi iliyopangwa vizuri kweli, kila mkazi na kadi yake, na kwenye kadi kulikuwa na dini. Ilikuwa kazi ya makarani waadilifu, katika nchi yenye sheria. Mei 1940 majeshi ya Ujerumani yakaingia, na kadi zilikuwa zimeshajazwa. Hakuna aliyelazimika kuzunguka akiuliza Wayahudi wanaishi wapi. Tarehe 27 Machi 1943 kundi la wapinzani wa utawala huo, baadhi yao wasanii, waliingia kwenye masjala ya Amsterdam wakiwa wamevaa sare za polisi na kuitia moto. Kadi nyingi zilinusurika, kwani karatasi zilizobanwa pamoja haziungui upesi. Wengi wa kundi hilo walikamatwa na kuuawa. Waliojaza fomu zile miaka ya nyuma hawakuwa na cha kuficha. Walijibu swali lililoulizwa na serikali moja, jibu likatumiwa na nyingine.

Na haihitaji uvamizi. Katika nchi hiyohiyo, Januari 2021, serikali ya Mark Rutte ilijiuzulu kwa kashfa ya ruzuku ya malezi ya watoto. Maelfu ya wazazi walikuwa wamebandikwa tuhuma za udanganyifu na kudaiwa fedha ambazo wengi wao wasingeweza kuzilipa. Ndoa zilivunjika, nyumba zikapotea. Mfumo uliokuwa ukichagua nani achunguzwe ulikuwa ukiangalia pia uraia, na mamlaka ya ulinzi wa taarifa binafsi iligundua kwamba kumbukumbu za uraia wa pili zilizopaswa kufutwa tangu 2014 zilikuwa bado zimo. Hapa hakukuwa na Polisi wa Fikra. Kulikuwa na mtu aliyesahau, au asiyeona sababu, ya kufuta safu moja kwenye jedwali. Mzazi aliyepokea barua ya deni yuko karibu zaidi na Josef K., mhusika wa riwaya ya Franz Kafka, anayekamatwa asubuhi moja bila kuambiwa kosa, kuliko na Winston, ambaye angalau kosa lake analijua.

Sasa, kuna msemo unaonichosha: "tunaishi ndani ya 1984." Husemwa mtu akifungiwa akaunti, husemwa kamera ikiwekwa barabarani, husemwa na watu wa kila mrengo dhidi ya mrengo mwingine. Juni 2013, Edward Snowden alipofichua kwamba Shirika la Usalama la Taifa la Marekani lilikuwa likikusanya kumbukumbu za simu za mamilioni ya watu, mauzo ya kitabu yalipaa. Januari 2017 yakapaa tena kwa sababu nyingine kabisa. Sidhani wanunuzi wote walifika mwisho. Wangefika wangekumbuka kwamba Winston hana mahakama ya kwenda. Spitz alikwenda akapata alichodai. Agizo la Umoja wa Ulaya la 2006 lililozilazimisha kampuni kutunza kumbukumbu za simu za watu wote lilibatilishwa na mahakama ya umoja huo Aprili 2014. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba polisi wanaotaka historia ndefu ya mahali simu ilipokuwa wanahitaji kibali cha jaji.

Ushindi, ndiyo. Na kisha mwaka 2023 ikaja ripoti iliyotolewa na ofisi ya mkuu wa ujasusi wa Marekani, ikikiri kwamba idara zake hununua taarifa kama hizo kutoka kwa wafanyabiashara wa data. Zinatoka kwenye programu za kawaida kabisa, za hali ya hewa na za michezo, ambazo mtu alizipa ruhusa akiwa na haraka. Kikulacho ki nguoni mwako, ila hiki umekivaa na kukichaji mwenyewe. Riwaya zilituandaa kwa dola inayovunja mlango. Hazikutuandaa kwa dola inayokwenda dukani kama mteja yeyote.

Basi zote zifutwe? Nilikuwa tayari kuandika ndiyo, hadi nilipokumbuka ilivyokuwa mwisho wa Stasi. Kuelekea mwisho wa 1989 maafisa wake walianza kuharibu mafaili. Mashine za kuchana karatasi zilielemewa, wakachana kwa mikono na kujaza maelfu ya magunia. Waliovamia ofisi hizo kuzuia kazi hiyo, kwanza Erfurt mwezi Desemba, kisha makao makuu ya Berlin tarehe 15 Januari 1990, ni wananchi walewale walioandikwa humo. Kuanzia 1992 waliruhusiwa kuyasoma. Wapo waliokuta kwamba aliyekuwa akiwaripoti ni mwenzi wa ndoa.

Amsterdam walichoma ili watu wapone. Berlin waliokoa ili watu wajue. Nimejaribu kutafuta kanuni moja inayobeba matukio haya mawili na ninayoiona ni hii tu: faili lisiwe siri kwa anayeandikwa wakati si siri kwa anayeandika. Winston asingeombwa nyota na mtu, lakini pia asingeruhusiwa kuona faili lake. Mimi historia yangu naweza kuiona na naweza kuifuta upande wangu. Niliifuta, isipokuwa kile kipindi cha hospitali. Hicho nilikinakili kwanza kwa mkono kwenye daftari, tarehe kwa tarehe. Nakala zilizopo kwa mtoa huduma, na kwa yeyote aliyeziuza au kuzinunua, sina namna ya kuzifikia.

Riwaya ninayoisubiri sasa haihitaji kamera hata moja. Mhusika wake ni karani wa masjala, mwadilifu, anayekaribia kustaafu. Serikali inabadilika wiki ijayo na yeye ndiye mwenye nywila. Hajui wanaokuja ni watu wa aina gani, wala wanaoondoka wanaogopa nini kisomwe. Ana siku chache za kuamua afute au anakili, na kila anachokifanya kinaandikwa.