Nilivyoiandikia haki anime iliyonikera

Jumamosi jioni huwa tunakusanyika kwa rafiki yetu Michenzani, watu saba au wanane, tunaangalia anime, yaani katuni za Kijapani. Kila wiki mmoja wetu anaandika uchambuzi wa kurasa mbili, na wiki inayofuata unasomwa mbele ya wote. Zamu yangu iliangukia The Rising of the Shield Hero, ile iliyoanza Januari 2019. Niliumaliza uchambuzi wangu kwa nusu saa, na sentensi yake ya kwanza ilikuwa: "Hii ni anime ya kutetea utumwa, mbili kwa kumi."

Kwa asiyeijua, Naofumi ni mwanafunzi wa chuo huko Japani anayejikuta ameitwa ulimwengu mwingine pamoja na vijana watatu ili wawe mashujaa. Wenzake wana upanga, mkuki na upinde. Yeye kapewa ngao, ambayo haiui. Haupiti muda, binti mfalme anamsingizia ubakaji na nchi nzima inamgeuka. Kwa kuwa hakuna anayetaka kufuatana naye, anakwenda kwa muuza watumwa na kununua mtoto wa kike mgonjwa, kikohozi kimemkaba, jina lake Raphtalia. Mtoto anatiwa alama ya uchawi kifuani, na akikaidi amri alama inamtesa.

Mimi ni mtoto wa Unguja. Tulipokuwa wadogo tulipelekwa Mkunazini, kwenye kanisa la Kianglikana lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Tulishushwa kwenye chumba cha chini tukaambiwa ndimo walimofungiwa, na mwenzangu mmoja akaanza kulia akitaka kutoka. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nilipomwona Raphtalia ndani ya kizimba, sikuwa tena natazama Japani.

Nilipomaliza kusoma, mwenye nyumba akaniuliza, "Umeangalia epsodi ngapi?"

"Nne."

"Kati ya?"

Msimu wa kwanza una 25. Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Niliomba wiki mbili.

Safari hii nilichukua daftari nikapiga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto niliandika kinachoonekana na kusikika tu, kulia nikaandika kilichonikera. Upande wa kulia ulijaa upesi. Wa kushoto ndio uliniumbua. Nilikuwa nimeandika kwamba Naofumi anampiga yule mtoto. Nikarudia epsodi ya pili na sikuona akimpiga. Anamkalisha mezani kwenye mgahawa, anamwagizia chakula cha watoto chenye kibendera juu yake, na mtoto anakishika kile kibendera kama mtu aliyepewa dhahabu. Halafu Naofumi anamwamuru aue kiumbe kwa kisu, mtoto anasita, na alama inamchoma. Yote mawili yamo, na mimi nilikuwa nimebaki na moja tu.

Kosa jingine lilikuwa la lugha. Nilianza na toleo la sauti za Kiingereza, ambamo Raphtalia humwita "Master Naofumi". Kwa Kijapani anasema "Naofumi-sama", na hilo "sama" wanaitwa nalo hata wateja dukani. Si kwamba halina unyenyekevu, lakini si neno la mtumwa peke yake. Kwetu "bwana" linabeba mzigo wa namna hiyohiyo: bwana wa mtumwa, bwana wa harusi, na bwana wee tuondoke. Nikafuta aya nzima niliyoijenga juu ya neno la mfasiri.

Nikabaki na swali gumu zaidi. Mhusika kufanya ubaya ni jambo moja, na hadithi kuuona ubaya huo kuwa sawa ni jambo jingine. Nitajuaje ninachokishtaki ni kipi? Njia niliyoipata ni kutazama hadithi inamheshimisha nani na inamcheka nani. Epsodi ya nne ikanipa jibu. Motoyasu, yule wa mkuki, anasimama mbele ya watu na kusema utumwa ni dhuluma, amwachie huru msichana. Maneno yale ningeyasema mimi. Lakini hadithi imeyatia kinywani mwa mpumbavu mwenye majivuno, anayemshinda Naofumi kwenye pambano kwa hila ya binti mfalme. Alama inafutwa, na Raphtalia anamzaba kofi yeye mkombozi. Muziki mzuri wa Kevin Penkin unakuja pale msichana anapomkumbatia aliyemnunua, na Naofumi, ambaye chakula kilikuwa kimempotea ladha tangu asingiziwe, anauma mkate na ladha inamrudia. Nakiri nilitokwa na machozi. Epsodi inayofuata Raphtalia anaomba mwenyewe alama irudishwe.

Tena hadithi haifichi ukatili wa utumwa. Baadaye Raphtalia anarudi kwenye nyumba ya mtukufu aliyemtesa, anashuka gerezani chini, na anakuta mifupa ya rafiki yake. Kwa hiyo siwezi kuandika kwamba anime hii inautetea utumwa. Inachosema ni kwamba ubaya uko kwa bwana mbaya, na bwana mwema anauponya.

Hapo niliweka kalamu chini, kwa sababu maneno hayo nimeyasikia nyumbani kwetu. Bibi yangu akisimulia habari za wazee wake alikuwa akisema, "Wale walikuwa wazalia wa nyumbani, walikaa kama watoto wetu." Hakuna aliyewahi kumuuliza wazalia, yaani watumwa waliozaliwa humo nyumbani, wenyewe walionaje. Niliyaandika haya kwenye uchambuzi, ili msomaji ajue hasira yangu inatoka wapi na aipime mwenyewe. Kuhusu usanii niliandika nilichokiona: mwanzo wenye nguvu, muziki wa hali ya juu, nusu ya pili inalegea. Mahali pa maksi nikaacha wazi.

Niliposoma mara ya pili hakuna aliyecheka. Lakini dada mmoja anayesomea sheria akaniambia, "Kaka, utumwa umeupa ukurasa mzima. Uongo wa kubakwa umeupa mistari miwili."

Nikamjibu kwamba hilo lilikuwa la kuanzishia hadithi tu.

"Ndiyo hasa," akasema. "Lazima kwanza aonewe na mwanamke, ili akija kununua mtoto wewe umwone anadai haki yake."

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa nimehesabu vidonda vyangu tu. Nikampa kalamu, akaandika pale pale, goti likiwa meza yake. Aya yake ndiyo inayofungua uchambuzi sasa. Ya bibi yangu nimeisogeza chini.