Euro 160 za kujifunza kuogelea

Vipindi kumi, dakika 45 kila kimoja, euro 160. Na hapo nimesubiri foleni miezi kumi na moja. Ndiyo gharama ya binti yangu wa miaka sita kufundishwa kuogelea hapa Leipzig, Ujerumani. Risiti nimeibandika kwenye mlango wa friji, kila nikienda kuchukua maziwa inanitazama. Mnaoijua Korogwe, kwetu mkoani Tanga, pigeni hesabu wenyewe hela hiyo inafanya nini, mimi nimechoka kubadilisha.

Lakini bili haikuniuma kama swali. Jumamosi ya kwanza mwalimu, kijana mdogo tu, aliniuliza kama na mimi naweza kuogelea. Nikamjibu ndiyo, tena kwa kujiamini. Akauliza: una beji gani? Kumbe huku kuogelea kuna vyeti, kama udereva. Cha chini kabisa kinaitwa Seepferdchen, farasi wa baharini: mtoto anaruka kutoka ukingoni, anaogelea mita 25, halafu anazama kuokota kitu kwenye maji yanayomfika mabegani. Akifaulu anapewa kitambaa cha kushonea kwenye nguo ya kuogelea. Mimi sina. Kijana akaandika jambo kwenye karatasi yake, na niliona kabisa nimewekwa kundi gani.

Mimi niliyeuvuka Mto Pangani nikiwa darasa la tatu!

Jumamosi yetu ilianza na kazi. Kufua sare, kupiga viatu rangi, kuchota maji, na kama una bahati mbaya kupalilia. Ilipofika saa nne na wenzetu wa madrasa wametoka, ukisema tu "mama naenda uwanjani" ilikuwa basi, hakuna mtu mzima atakayekuona mpaka jioni. Uwanjani kweli tulikwenda. Tulicheza chandimu kwa mpira wa mifuko ya nailoni tuliousuka na kamba za katani, maana katani kwetu ilikuwa kama majani. Jua likishakuwa kali mtu mmoja anaangalia upande wa mtoni, na wote tumeelewa.

Maji ya Pangani pale kwetu yana rangi ya chai ya maziwa. Huoni mguu wako mwenyewe. Mwalimu wako ni kaka wa rafiki yako anayekusukuma, na ukirudi juu umeshafaulu. Habari za mamba zilisemwa kila wiki na hazikumzuia mtu. Tatizo lilikuwa mama. Mama zetu walikuwa na kipimo chao: anakukwaruza kwa ukucha kwenye muundi, mstari mweupe ukitokea umeoga mtoni, na fimbo iko mlangoni. Kwa hiyo tulikuwa na kichupa cha dawa ya kikohozi, ndani yake mafuta ya nazi tuliyoiba jikoni kwa zamu. Unajipaka miguu na mikono, unajigaragaza kidogo kwenye vumbi ili uonekane umetoka mpirani. Tulijiona wataalamu.

Siku ambazo mto umejaa tulikwenda relini. Vizibo vya soda unavipanga juu ya chuma, treni ikipita unavikuta bapa, bado vya moto. Unatoboa matundu mawili kwa msumari, unapitisha uzi, ukivuta na kulegeza kinazunguka na kuvuma, kinakata jani la mgomba. Hata kidole kinakata, kovu ninalo. Reli ile waliijenga Wajerumani, ilifika Korogwe mwaka 1902. Nilipomweleza jirani yangu wa ghorofa ya pili, bibi wa miaka themanini na kitu, alinyamaza kidogo, kesho yake akagonga mlango na sahani ya keki. Sikujua kama ni fidia. Tuliila.

Sasa nisije nikawadanganya. Mwaka mmoja mto ulichukua mtoto wa mtaa wa pili. Alizama, hakurudi juu, na sisi tulisimama ukingoni tukidhani anatutania. Tulikatazwa mto, tukakaa wiki mbili, ya tatu tukarudi. Nikimwona binti yangu amevaa maboya mkononi, mwalimu yuko hatua mbili, mwokoaji yuko kwenye kiti na filimbi, euro 160 inapungua uzito kidogo.

Halafu inarudi. Maana si kuogelea peke yake, wikiendi nzima ya mtoto huku ina bei na ratiba. Kadi ya mwaliko wa sikukuu ya kuzaliwa imeandikwa saa ya kuanza na saa ya kuisha. Ukichelewa dakika kumi unamkuta mwanao amesimama mlangoni na viatu. Jumapili maduka yamefungwa, na ukitoboa ukuta kwa drili utaandikiwa karatasi. Nyinyi mnaojiandaa kuja na familia kwa njia ya uuguzi: ukishaandikisha anwani tu, wiki hiyo hiyo mwandikishe mtoto kuogelea, usingoje kama mimi. Na ile hela ya mtoto ya serikali, ambayo mwaka 2025 ilikuwa euro 255 kwa mwezi, msiitangaze ukoo mzima kama mshahara. Viatu vya baridi vinaitafuna kabla hujaiona.

Jumamosi iliyopita nilijitosa bwawani nimwonyeshe yule kijana. Nikaogelea kimtoni, kichwa juu, mikono ikipiga maji kama mtu anayefukuza nyuki. Filimbi ikalia. Wazee wawili waliokuwa wanaogelea kimya kwenye mstari wao walijifuta uso. Binti yangu alicheka mpaka akashika ngazi.

Jioni tukampigia bibi yake video. Mtoto akamsimulia yote, na mimi katika kujitetea nikaropoka: "Mama, sisi tulijifunzia mtoni, hakuna filimbi wala nini." Nikakumbuka nimechelewa miaka thelathini na tano.

"Nilikuwa najua," akasema.

"Ulijuaje, na ukucha haukutoa kitu?"

"Mpira gani ule, baba, mtu anarudi ananukia nazi?"